Mguu Wako Haugusi Tena Injini: Elektroniki Ilivyoingia Kati ya Dereva na Gari

Zamani ukikanyaga mafuta ulikuwa unavuta waya. Kebo ya chuma ilitoka kwenye pedali, ikapenya ukuta wa mbele, ikaenda kushika mkono mdogo wa kabureta, kifaa kilichochanganya hewa na petroli. Mguu ukishuka, kilango cha hewa kinafunguka. Mguu ukipanda, springi inakirudisha. Kebo ikiwa nzito unaisikia kwa unyayo. Ikikatika, fundi anakuonyesha mahali ilipokatikia, nawe unaona kwa macho yako.

Sasa inama chini ya dashibodi ya gari la miaka ya karibuni. Nyuma ya pedali hakuna kebo. Kuna kiboksi cha plastiki chenye soketi na nyaya nyembamba, mara nyingi sita. Ndani yake zimo sensa mbili zinazopima jambo lilelile: pedali imeshuka kiasi gani. Kila moja inapeleka volti zake kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontrol boksi, na kwenye magari mengi volti za moja ni maradufu ya volti za mwenzake. Kompyuta inalinganisha. Hesabu zikikubaliana, inaiamuru mota ndogo ifungue kilango cha hewa. Zikipishana, haimwamini hata mmoja: inawasha taa, inabana nguvu, na gari linajikongoja kwa mwendo wa kukutoa barabarani tu.

Ukikielewa kiboksi hicho, umeshika ncha ya uzi wote. Kati ya dereva na mashine ameingia mkalimani. Wewe unasema unachotaka, yeye anasikiliza, anapima na mambo mengine anayoyajua, kisha anaamua kitakachofanyika. Mema yote tunayoyapata kwenye magari ya kisasa yametoka kwa mkalimani huyu, na maudhi yote pia. Ndiyo maana ubishi wa kwamba magari ya zamani yalikuwa magari kweli, au kwamba ya sasa ni bora kwa kila kitu, haujawahi kunisaidia. Cha kuuliza ni huyu mkalimani anaambiwa nini, anaambiwa na nani, na anafanya kazi kwa faida ya nani.

Yote yalianza na moshi

Wengi hudhani kompyuta iliingia kwenye gari kama anasa. Iliingia kwa sababu ya moshi. Bosch, kampuni ya Ujerumani, ilikuwa imekwishatoa mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta, D-Jetronic, uliofungwa kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, lakini kilichowasukuma watengenezaji wote kwa pamoja ni sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970. Magari yalitakiwa kupunguza sumu kwa kiwango ambacho kabureta peke yake haikiwezi hata ikisetiwa na fundi bingwa. Kuanzia magari ya mwaka 1975, nchini humo yakaenea masega: lile pande la eksozi lenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki, lililopakwa madini ya thamani yanayobadili gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa.

Masega ya kizazi kilichofuata yanasafisha gesi tatu kwa mpigo, ila yana sharti gumu. Yanataka mchanganyiko wa hewa na petroli ukae karibu sana na gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi kidogo, baadhi ya gesi zinapita bila kusafishwa. Ikipungua, inapita nyingine. Kabureta ni mpangilio wa matundu na springi. Haijui kama leo kuna joto, kama gari limepanda mlima ambako hewa ni nyepesi, wala kama injini ndiyo kwanza imeamka. Unaisetia kwa hali moja, kisha hali inabadilika.

Mwaka 1976 Volvo ikaanza kufunga sensa ya oksijeni iliyobuniwa na Bosch, na hapo mazungumzo ya kweli yakaanza. Sensa hii inakaa ndani ya eksozi ikiwa imechemka kupita nyuzi 300. Mchanganyiko ukiwa na petroli nyingi, inatoa takribani volti 0.9, petroli ikiwa chache, inashuka hadi karibu 0.1. Kompyuta ikiona 0.9 inapunguza mafuta kidogo. Inaona imeshuka, inaongeza. Inapanda, inapunguza. Wakati wote unaposafiri, mivutano hiyo inaendelea mara kadhaa kwa sekunde bila wewe kujua, kama mpishi anayeonja mchuzi pasipo kuacha kukoroga.

Tafakari kasi yenyewe. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kila sekunde. Kila cheche lazima itoke kwa wakati wake, na kila nozeli inayopuliza petroli ifunguke kwa milisekunde chache tu kisha ifunge. Platini na distribyuta, vifaa vya zamani vya kukata na kugawa cheche, vilijitahidi kwa miaka mingi, lakini vililika, vikalegea, wakati wa cheche ukahama. Kompyuta hailiki kwa kusuguana. Ndiyo maana leo unawasha gari asubuhi ya baridi bila kuvuta choki, unapanda mlima bila injini kuzongwa, plagi zinadumu maelfu mengi ya kilomita, na petroli inayotosha safari ni ndogo kuliko ile iliyotumiwa na injini ya ukubwa uleule enzi za kabureta.

Lakini kompyuta haina macho. Haijawahi kuiona injini. Inachokijua ni volti zinazoletwa na sensa, basi. Sensa ya joto la maji ikidanganya kwamba injini bado ni baridi, kompyuta itaendelea kumwaga petroli nyingi kwenye injini iliyochemka, na itafanya hivyo kwa utii kamili. Utaona moshi mweusi, utaona tenki linakauka, na mtu atakuambia kontrol boksi imekufa. Haijafa. Imeambiwa uongo.

Breki zinazojua kuliko mguu

Kama ningeambiwa nibakize kitu kimoja tu cha kielektroniki kwenye gari la familia yangu na vingine ving'olewe, nisingefikiri mara mbili. Ningebakiza mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, ule unaojulikana kwa herufi ESP au ESC.

Msingi wake ni ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikamata breki, ambayo Bosch na Mercedes-Benz waliileta kwenye S-Class mwaka 1978. Kila gurudumu lina sensa inayosoma pete inayozunguka nalo. Ukifunga breki ghafla na tairi moja likaanza kujifunga wakati mengine yanazunguka, kompyuta inaachia breki ya tairi hilo, inakamata, inaachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mtetemo unaousikia chini ya mguu ndio huo. Tairi lililojifunga halikati kona hata uzungushe stelingi kiasi gani. Linateleza kuelekea lilikokuwa likienda. ABS inakupa nafasi ya kufunga breki na kukwepa kwa wakati mmoja.

ESP, iliyokuja kwenye Mercedes-Benz mwaka 1995, ikaongeza maswali mawili: dereva ameelekeza stelingi wapi, na gari lenyewe linazunguka kuelekea wapi? Majibu yakitofautiana, gari limeanza kuserereka. Hapo kompyuta inakamata breki ya gurudumu moja. Mkia ukikimbilia nje, inakamata gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona. Gari likigoma kukata kona, inakamata la nyuma la upande wa ndani. Hakuna dereva duniani, hata bingwa wa mashindano, anayeweza kufanya hivyo kwa mguu wake, kwa sababu pedali ya breki ni moja na magurudumu ni manne.

Dunia iliona umuhimu wake kwa fedheha. Mwaka 1997 jarida la Teknikens Värld la Sweden liliijaribu Mercedes-Benz A-Class kwa kuikwepesha ghafla kama mtu anayemkwepa mnyama barabarani, na gari likapinduka. Kampuni ikasimamisha kuwakabidhi wateja, ikarekebisha, na ikafunga ESP kwenye kila A-Class, gari dogo ambalo kwa wakati ule halikutarajiwa kuwa na kifaa cha magari makubwa. Marekani ikaja kuulazimisha mfumo huu kwa magari madogo yote mapya ya kuanzia toleo la mwaka 2012, na Ulaya kufikia Novemba 2014.

Hata hapa mkalimani ana mipaka yake. Kwenye kokoto au vumbi zito, tairi lililojifunga hulundika udongo mbele yake na udongo huo husaidia kusimamisha. ABS inapoachia na kukamata, rundo hilo halijengeki, na gari huweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Anayeendesha barabara za vumbi anapaswa kulijua hilo na kuacha nafasi kubwa mbele. Pia kuna kosa tulilorithi kwa walimu wetu wa zamani, la kupampu breki. Kwenye gari lenye ABS usipampu. Kanyaga kwa nguvu zote, shikilia, elekeza stelingi. Mtetemo usikutishe ukatoa mguu.

Kuhusu mifuko ya hewa nitasema moja tu: kompyuta inaamua kuifyatua, nayo inajaa, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla hujamaliza kupepesa jicho. Kasi hiyo ndiyo sababu ya kukaa mbali kidogo na stelingi na kufunga mkanda. Mfuko umepigiwa hesabu ya mtu aliyefunga mkanda.

Nyaya mbili zilizosokotana

Vifaa vilipoongezeka, nyaya zikawa tatizo. Kila sensa ilitaka waya wake, kila taa wake, na mafungu ya wayaringi yakawa mazito na ghali. Mwaka 1986 Bosch ikatangaza njia ya mawasiliano iitwayo CAN. Badala ya kila kifaa kuwa na waya wake kwenda kwa kila kifaa kingine, vyote vinaning'inia kwenye nyaya mbili na kuongea kwa zamu. Kompyuta ya breki inatangaza mara moja, "Tunakwenda kilomita 62 kwa saa," na wote wenye haja wanasikia: mshale wa spidi unasogea, geaboksi inachagua gea, milango inajifunga, redio inapandisha sauti.

Ukiipima kwa mita, nyaya zikiwa kimya kila mmoja una kama volti 2.5. Ujumbe unapopita, mmoja unapanda hadi 3.5 na mwingine unashuka hadi 1.5. Anayesikiliza haangalii volti za waya mmoja. Anaangalia tofauti kati yao. Kwa kuwa zimesokotana, makelele ya umeme kutoka kwenye koili au alteneta yanazipiga zote mbili sawasawa, na tofauti inabaki ileile. Napenda sana ubunifu huu. Ni rahisi, unafanya kazi kwenye joto na mtikisiko, na umeokoa shaba isiyo haba.

Gharama yake ni kwamba ndugu wakikaa nyumba moja, ugonjwa wa mmoja unawapata wote. Sensa moja ya gurudumu ikijaa tope, dashibodi inaweza kuwaka taa ya ABS, ya ESP, ya spidi ya kujishikilia, na ya mfumo wa kusaidia mlimani, zote kwa mpigo. Mwenye gari anaona magonjwa manne. Ni moja. Maji yakiingia kwenye soketi ya mlango na kushotisha moja ya nyaya zile mbili, gari zima linaweza kugoma kuwaka kwa sababu ya mlango. Na waya wa athi uliooza kwenye bodi, ambao zamani ungeifanya taa moja iwe hafifu, sasa unaleta vitimbi vinavyohama kila siku: leo geaboksi, kesho kioo cha dirisha.

Kodi (code) ni ushahidi, si hukumu

Magari yote madogo yanayouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 1996 yana soketi ya pini 16 iitwayo OBD-II, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ni zawadi kubwa kwa mafundi na wenye magari. Kifaa kidogo cha kupimia kinachomekwa pale, na gari linataja tatizo lake kwa kodi, yaani herufi moja inayofuatwa na namba. Ikianza na P ni injini au geaboksi, C ni chasi na breki, B ni bodi, U ni mawasiliano ya kompyuta zenyewe.

Lakini ni hapa ambapo pesa za watu nyingi hupotelea, zangu zikiwemo. Gari langu lilianza kutetema asubuhi likiwa limesimama, na taa ya injini ikawaka. Gereji ya kwanza wakachomeka mashine, ikatoka P0171, maana yake petroli ni chache kuliko hewa. Wakasema sensa ya oksijeni imekufa, wakafunga mpya, wakafuta kodi. Nikaondoka na furaha. Siku ya tatu taa ikarudi.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima, hana haraka. Hakugusa sensa. Alichomeka mashine akaacha ukurasa wa kodi, akafungua ule wa namba zinazobadilika injini ikiunguruma. Akaniita. "Njoo uone hapa. Kompyuta inaongeza mafuta zaidi ya asilimia 20 gari likiwa limesimama." Akakanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Namba ikashuka karibu na sifuri. "Umeona? Kuna mahali linavuta hewa ya wizi. Likisimama, tundu linaonekana kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ya wizi haionekani tena." Akachukua dawa ya kusafishia kabureta, akapulizia kidogo kidogo kuzunguka mipira ya hewa, kazi inayotaka tahadhari kwa kuwa dawa ile inashika moto. Alipofika kwenye mpira mmoja mwembamba, mlio wa injini ukabadilika. Akauchomoa na kuugeuza. Upande wa juu ulikuwa mzima kabisa. Chini, mahali macho hayafiki, ulikuwa na ufa wa urefu wa kucha.

Sensa niliyoibadilisha ilikuwa imesema kweli tupu. Ilipeleka habari kwamba petroli ni chache, na ikaadhibiwa kwa kuisema. Kodi inakuambia kompyuta imeona nini. Haikuambii kwa nini. P0420 inasema masega hayasafishi inavyotakiwa, lakini huenda kilichoyaua ni plagi mbovu iliyoachwa kwa miezi. P0300 inasema injini inamisi, yaani silinda zinakosa kuwaka, bila mpangilio, na chanzo chaweza kuwa koili, petroli chafu, au mpira kama ule wangu. Fundi mzuri wa siku hizi anahitaji vyote viwili, mashine na masikio, na mimi ninamheshimu fundi huyo kama ninavyomheshimu daktari anayekupapasa tumbo kabla ya kuandika dawa.

Betri nayo ni mwathirika wa kimya. Gari la zamani likizimwa, limezimwa. La sasa linalala tu: saa, kengele ya wizi, kipokezi cha rimoti, vyote vinanyonya umeme. Kawaida ni kidogo, tuseme ampea 0.03. Kwa betri ya ampea-saa 45, itachukua kama mwezi mzima kufika nusu. Kompyuta moja ikikataa kulala na kunyonya ampea 0.5, nusu hiyo inaisha ndani ya siku mbili. Tena kuipata kazi si rahisi, maana fundi akifungua mlango tu, kompyuta zote zinaamka na kipimo kinaruka. Inabidi afunge komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, asubiri hadi nusu saa, kisha ndipo aanze kusoma fyuzi moja moja. Na betri ikichoka, volti zikishuka wakati wa kupiga stata, kompyuta zinaandika kodi za ajabu ambazo hazina uhusiano na kifaa chochote kibovu. Kabla hujakubali kununua kontrol boksi, pima betri.

Mkalimani anapopata bwana mwingine

Hadi hapa nimezungumzia matatizo ya ufundi, na hayo nayavumilia. Yapo mengine ambayo siyavumilii, kwa sababu yametokana na uamuzi wa watu.

La kwanza ni kufunga mlango wa matengenezo. Kwenye magari mengi mapya, ukibadilisha kompyuta, taa ya mbele au hata betri, kifaa kipya lazima kitambulishwe kwa programu, na programu hiyo iko mikononi mwa mtengenezaji. Sehemu ni nzima, imefungwa sawasawa, lakini gari linaikataa. Sababu za kiusalama zipo kwa vifaa vinavyohusika na wizi. Kwa taa sioni. Kioo cha mbele nacho si kioo tu tena. Nyuma yake kuna kamera inayosoma mistari ya barabara na kufunga breki ya dharura, na ukibadilisha kioo, kamera lazima ipangwe upya. Ikiwa imeinama kidogo tu pale kiooni, mita 100 mbele inakuwa inatazama mahali pengine kabisa. Anayekuwekea kioo bila kuipanga amekurudishia gari lenye jicho lililopinda.

La pili ni skrini. Mwaka 2022 jarida la Vi Bilägare la Sweden lilichukua magari kadhaa, likawapa madereva kazi nne za kawaida, kama kuwasha kipasha joto na kubadilisha stesheni, wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, kazi ziliisha kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Kwenye gari lililofanya vibaya kuliko yote, lenye skrini, zilichukua karibu sekunde 45: mita 1,372 na akili iko kwenye skrini. Kitufe unakipapasa. Skrini lazima uitazame. Elektroniki iliyo nyuma ya kitufe na iliyo nyuma ya skrini ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba skrini moja ni rahisi kutengeneza kuliko vitufe thelathini. Nimefurahi kuona Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameamua kwamba kuanzia mwaka 2026 gari litakalotaka nyota kamili liwe na vidhibiti vya kushikika kwa mambo ya lazima kama indiketa, honi, waipa na taa za dharura.

Skrini huzeeka pia, tena haraka kuliko chuma. Mapema mwaka 2021 Tesla iliitisha magari takribani 135,000 ya Model S na Model X kwa sababu chipu ya kumbukumbu ilikuwa inachakaa kwa kuandikwaandikwa kila siku. Ikijaa uchakavu, skrini inazima, na picha ya kamera ya nyuma inapotea nayo. Injini ya gari inaweza kudumu miaka 30. Chipu ile haikufika 10 kwa wengi.

Kisha kuna uaminifu wenyewe. Septemba 2015 ilibainika kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari ya dizeli, kama milioni 11 duniani, programu iliyotambua kuwa gari liko kwenye kipimo cha moshi. Stelingi haizungushwi, magurudumu yanakwenda kwa mpangilio fulani: kompyuta inajua inapimwa, inajiweka safi. Ikirudi barabarani inaachia sumu, hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa Marekani. Kompyuta iliyoletwa kwenye gari ili kusafisha moshi ikafundishwa kuuficha. Kwangu hilo linauma zaidi ya hitilafu yoyote, kwa sababu kila sensa ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Mwaka huohuo watafiti wawili Wamarekani, Charlie Miller na Chris Valasek, wakaingia kwenye Jeep Cherokee kupitia redio yake iliyounganishwa na mtandao wa simu, wakaikata geaboksi, gari likapoteza nguvu likiwa barabara kuu, wao wakiwa mbali. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. CAN ya mwaka 1986 ilibuniwa kwa nyumba iliyofungwa, ambamo kila anayeongea anaaminiwa. Redio ilipopewa intaneti, mlango wa nyumba ukaachwa wazi. Wezi wa magari yasiyotumia funguo za kuchomeka wanafanya jambo la jamaa hiyo: mmoja anasimama na kifaa karibu na mlango wa nyumba, ananasa mawimbi ya rimoti iliyo ndani, mwenzake analipelekea gari, nalo linaamini mwenyewe amefika. Kuhusu habari zako binafsi, shirika la Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, lilichunguza chapa 25 za magari mwaka 2023, na hakuna hata moja iliyofaulu kwa usiri.

Ukiwa nyuma ya stelingi

Taa nyekundu ni ya kusimama. Ya njano inakupa muda. Lakini taa ya injini ya njano ikianza kuwaka na kuzima, punguza mwendo mara moja na uache kukanyaga, kwa sababu injini inamisi na petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega. Siku ya kuboosti betri, shika chanya kwa chanya kwanza, na ncha ya mwisho ya waya hasi uishike kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika. Kugeuza nyaya kwa sekunde moja kunatosha kuunguza kompyuta. Usioshe injini kwa pampu ya presha. Ukichomelea bodi, tenganisha betri kwanza. Fundi akitaka kufuta kodi, mwombe aiandike au uipige picha kwanza, na umuulize: namba zinasemaje injini ikiunguruma?

Na ukienda kununua gari lililotumika, kabla ya kupiga stata, washa swichi hatua ya pili na utazame dashibodi bila kusema neno. Taa zote za onyo zinatakiwa ziwake: ABS, injini, mifuko ya hewa, chaji, oili. Hilo ni gari linajikagua. Ya mifuko ya hewa na ya ABS zinazima zenyewe baada ya sekunde chache. Nyingine zinazima injini ikishika. Wengi huogopa taa inayobaki imewaka. Mimi huogopa zaidi ile ambayo haikuwaka kabisa, maana kuna mtu aliyefungua dashibodi ile akaichomoa, naye alijua kwa nini.